Hata mbwa anastahili kufa bila kuteseka

Mhariri naomba kanafasi. Mwezi uliopita mbwa wangu aligongwa na bodaboda huku Mikindani, mgongo ukavunjika akawa anajikokota kwa miguu ya mbele tu. Nikamwita mtaalamu wa mifugo, akasema huyu haponi bora tumpumzishe, roho iliniuma lakini nikakubali. Sasa kilichofuata ndo kinanifanya niandike, hakumchoma sindano ya usingizi wala nini, alimwekea sumu kwenye dagaa! Jamani yule mnyama alikakamaa shingo imerudi nyuma, anatetemeka, macho wazi, ananiangalia mimi niliyempa chakula miaka yote.

Nilivyouliza daktari mwingine akaniambia sumu kama strikinini inakaza misuli mpaka mnyama anashindwa kupumua huku fahamu anazo, anasikia kila kitu. Wakati kuna dawa kama pentobabitali, ikiingia kwenye mshipa inamlaza kwanza halafu ndo pumzi na moyo vinasimama.

Na mbuzi je? Tunawahasi kwa wembe huku wameshikiliwa na watu wanne, wakati kuna dawa ya ganzi, lidokeini, ukichoma ukasubiri dakika chache tu ganzi inashika.

Najua hela ngumu, korosho zenyewe msimu bado, ila Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo toka 2008. Mtaalamu akifika atuambie kabisa sindano ya usingizi bei gani, mtu achague mwenyewe. Mimi ningekopa.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara