Nafsi ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu: Barua kwa Mwanangu

Muheza

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, mahindi ya bondeni yameanza kubeba, na mdogo wako ameingia timu ya shule, kwa hiyo daftari zake sasa hivi ziko mahali pa pili.

Simu yako ya Jumapili ilikatika kabla sijakujibu, na nimeshukuru. Ningekujibu pale pale ningekupa jibu lile nililowapa watoto wa Shule ya Jumapili kwa miaka mingi, na si jibu zuri. Umesema mwenzako wa chumbani, ambaye ni Mwislamu, alikuuliza, kwa upole kabisa, kama sisi tunaabudu miungu mitatu. Siku mbili baadaye mtu mwenye vipeperushi akakuambia kwamba neno "Utatu" halimo katika Biblia, kwamba lilitungwa na mfalme wa Roma katika mkutano wa maaskofu huko Nikea. Ukanyamaza mara zote mbili. Usijilaumu, mama. Afadhali kunyamaza kuliko kumsemea Mungu usilolijua. Lakini sasa tukae tuzungumze.

Nianze na huyo wa vipeperushi, maana kuna jambo moja amelisema kweli. Neno "Utatu" halimo katika Biblia. Wa kwanza tunayemjua kuliandika kwa Kilatini ni Tertullian wa Carthage, Mwafrika wa pande za Tunisia ya leo, mwanzoni mwa karne ya 3. Ukubali hilo bila kubabaika. Kisha umkumbuke bibi yako aliyekulia Pangani. Hakuwahi kusikia neno "ngeli" maishani mwake, lakini hakuwahi kusema "kiti yangu" wala "mti changu". Sisi walimu ndio tulioleta neno ngeli, tukalipa jina jambo lililokuwamo kinywani mwake tangu utotoni. Hatukumwongezea kitu. Basi Utatu ni neno la namna hiyo. Ni sarufi. Kanisa liliisoma Biblia, likasikia jinsi inavyomtaja Mungu, likatafuta neno la kuulinda usemi ule usiharibiwe.

Usemi wenyewe ni upi? Uanze pale alipoanzia Yesu mwenyewe. Mwandishi, yaani mwalimu wa sheria, alimuuliza amri iliyo ya kwanza ni ipi, naye akajibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4: "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja." Hapo hakuna mjadala. Mtu akikwambia Wakristo wana miungu mitatu, mwambie kwamba imani hiyo tunaikataa kabla yeye hajaikataa. Mitume walikuwa Wayahudi. Walikuwa tayari kufa kuliko kumsujudia mwingine asiye Mungu. Sasa watu hao hao, ndani ya miaka michache, wanamwomba Yesu, wanabatiza kwa jina lake, na Tomaso anamwambia "Bwana wangu na Mungu wangu", naye hamkemei. Lazima kuna jambo kubwa lililowapata, na wala hawakuiacha ile "Sikiza, Ee Israeli" ili kulipokea.

Nimefundisha Kiswahili miaka 31, na jambo moja lilinichukua muda mrefu kuliona, ingawa lilikuwa ubaoni kila muhula. Katekisimu inasema Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Darasani nilikuwa naandika: nafsi ya kwanza, mimi, nafsi ya pili, wewe, nafsi ya tatu, yeye. Nafsi ni yule awezaye kusema "mimi", akaitwa "wewe", akatajwa "yeye". Nakuomba ufungue Yohana 17:5 na uisome polepole: "Na sasa, Baba, unitukuze mimi pamoja nawe, kwa utukufu ule niliokuwa nao pamoja nawe kabla ya ulimwengu kuwako." Mimi na wewe, kabla ya ulimwengu. Kabla ya mwanadamu wa kwanza kumwita Mungu "wewe", tayari ndani ya Mungu palikuwa na wa kumwita Baba hivyo. Kisha Baba naye, pale Yordani, anamtaja Mwana: "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye."

Na Roho je? Wako wanaosema ni nguvu tu, kama umeme, nao huandika "roho takatifu". Wewe umekua ukisema Roho Mtakatifu, na ile m- ya mtakatifu si ya bure: waliotutafsiria walimweka katika ngeli ya watu. Najua kwamba ngeli peke yake haithibitishi kitu, kwa hiyo soma Matendo 13:2. Kanisa la Antiokia linafunga na kuomba, na Roho Mtakatifu anasema, "Nitengeeni Barnaba na Sauli kwa kazi ile niliyowaitia." Tazama zile "ni" mbili, ya "Nitengeeni" na ya "niliyowaitia". Umeme hauna nafsi ya kwanza. Na Paulo anawaonya Waefeso wasimhuzunishe. Huwezi kuihuzunisha nguvu.

Mfano huu wa sarufi nao una mwisho wake. Watu watatu wakikaa barazani kila mmoja ana "mimi" yake, lakini ni watu watatu kweli, mmoja aweza kuondoka wawili wakabaki. Kwa Mungu sivyo. Ndiyo maana Yohana 10:30 inanishika kila nikiisoma: "Mimi na Baba tu umoja." Hakusema "Mimi ndiye Baba", wala "Mimi na Baba ni mtu mmoja". Tu, wingi. Umoja, kitu kimoja. Na si ufundi wa mtafsiri, kwa kuwa Kigiriki chenyewe kiko hivyo, na yule Tertullian aliiona tofauti hiyo hiyo akaitumia kuwajibu wapinzani wake miaka 1800 iliyopita. Vivyo hivyo Mathayo 28:19: "mkiwabatiza kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu". Jina. Hakusema majina.

Sasa nikuungamie lile jibu la zamani. Niliwafundisha watoto kwamba Utatu ni kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Wakati mwingine nilisema ni kama mimi, ambaye ni baba nyumbani, mwalimu shuleni na katekista kanisani. Yote mawili yanapotosha. Mafiga ni mawe matatu, kila moja linabeba theluthi ya mzigo. Mungu hana theluthi. Mwana si sehemu ya Mungu, ni Mungu. Na ule wa baba, mwalimu, katekista ni kosa la zamani la mtu aitwaye Sabellius, aliyefundisha huko Roma kwamba Mungu ni mmoja anayebadili sura tu. Kama ni hivyo, Yesu alikuwa akisali kwa nani Gethsemane? Baba wa nyumbani hamwombi ruhusa mwalimu wa shuleni. Mtoto mmoja wa miaka kama 9 aliwahi kuniuliza hivyo hivyo, nikamwambia atakua atajua. Jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo. Swali lake lilikuwa la Kikristo kuliko mfano wangu.

Kwa hiyo usimpe mwenzako mfano. Mpe habari yenyewe: Baba alimtuma Mwana, Mwana akatuombea Roho. Kisha mwambie tunachokikana: kwamba kuna miungu mitatu, au kwamba Mungu hubadili sura tu.

Kuhusu Nikea, maana huko ndiko watu wanakotishwa. Mwaka 325 maaskofu walikutana kwa mwito wa mfalme Constantine. Kuhani mmoja wa Aleksandria, Arius, alikuwa akifundisha kwamba kulikuwa na wakati Mwana hakuwako, yaani Mwana ni kiumbe, wa juu kuliko wote, ila kiumbe. Mtaguso, yaani mkutano huo wa maaskofu, ukajibu kwa maneno ambayo mama yako, aliyekulia Ukatoliki, aliyajua kabla hajajua kusoma: "Mungu kweli kwa Mungu kweli. Aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Sehemu kubwa ya habari za Roho Mtakatifu iliongezwa Konstantinopoli mwaka 381.

Je, mfalme ndiye aliyetunga? Karibu mwaka 112, zaidi ya miaka 200 kabla ya Nikea, gavana Mrumi Pliny aliandika kutoka jimbo la Bithinia akimweleza mfalme wake kwamba Wakristo hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Huyo alikuwa mpagani, hakuwa na sababu ya kutupendelea. Isitoshe, baada ya Nikea watawala waligeuka. Constantine mwenyewe alimfukuza Athanasius, askofu aliyeitetea imani ile, na mwanawe Constantius akawabeba watu wa upande wa Arius. Athanasius alifukuzwa jimboni mwake mara 5. Kama mafundisho yangekuwa mali ya mfalme, leo tungekuwa tunakiri ya Arius.

Na ukisikia kwamba Nikea ndiko walikochagua vitabu vya Biblia, si kweli. Zilitoka kanuni 20, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo tunaikuta mara ya kwanza katika barua ya Pasaka ya huyo huyo Athanasius, mwaka 367. Naye hakuvipa mamlaka. Alitaja vile ambavyo makanisa yalikuwa yakivisoma. Biblia ya mama yako ina vitabu 73 na yangu 66, unajua, na tofauti hiyo iko katika Agano la Kale. Katika haya ninayokuandikia hatutofautiani hata nukta.

Hapa nakuonya jambo, na ulishike. Kuna tafsiri ambazo 1 Yohana 5:7 inataja watatu washuhudiao mbinguni, Baba, Neno na Roho Mtakatifu, na kwamba watatu hao ni umoja. Wapo wahubiri wanaoutumia mstari huo kama rungu. Usiutumie. Maneno hayo hayamo katika hati za kale za Kigiriki. Msomi Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 hakuyaweka, akaja kuyaingiza mwaka 1522 baada ya kulaumiwa sana. Nilipojua hili nilikosa usingizi usiku mmoja, nikidhani nyumba inabomoka. Asubuhi nikatambua kwamba Athanasius alipigana vita vyake vyote bila mstari huo. Mungu wa kweli hatetewi kwa andiko la kuchomeka. Kulipenda Neno ni pamoja na kukubali kuambiwa lipi limo na lipi halimo.

Wewe unasoma Biblia kwenye simu, na si vibaya. Ila ujue imefikaje kwako. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili pale Mombasa, akisaidiwa na kadhi wa mji, Mwislamu. Mwezi Julai mwaka huo huo alimzika mkewe na binti yao mchanga. Askofu Steere wa Unguja akatoa Agano Jipya mwaka 1879, na Biblia nzima ikatoka 1891, yeye akiwa amekwisha kufa. Hii ninayonukuu mimi, ya babu yako, ni ya mwaka 1952. Nikikumbuka mkono wa kadhi ule siwezi kumdharau mwenzako wa chumbani, na wewe usithubutu.

Paulo anasema, "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu, lafaa kwa mafundisho." Pumzi. Wanadamu waliandika, kila mmoja kwa lugha yake na tabia yake: Luka kwa utaratibu wake, Paulo akiwa na haraka na sentensi zisizokwisha. Lakini pumzi iliyoyabeba maneno ilikuwa ya Mungu. Na Zaburi 33:6 inasema, "Kwa neno la BWANA mbingu zilifanyika, na jeshi lake lote kwa pumzi ya kinywa chake." Yuko asemaye, liko Neno, iko pumzi. Sisemi mtunga zaburi aliujua Utatu kama tunavyoukiri. Nasema alisema vizuri kuliko alivyojua.

Kuhusu mwenzako: jambo litakalomkwaza si hesabu ya moja na tatu, ni neno "Mwana". Amefundishwa tangu madrasa kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Kama anadhani tunasema Mungu alichukua mke akapata mtoto, mwambie hilo nasi tunaliita kufuru. Mfungulie Yohana 1:1: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Muulize, je, palikuwa na wakati ambapo Mungu hakuwa na Neno lake? Halafu nyamaza, msikilize. Hatakubali siku hiyo, na hapaswi kukubali ili akufurahishe wewe. Muulize naye anavyomwomba Mungu, ujifunze jinsi anavyomcha.

Usiku ukipiga magoti, sikiliza unachokifanya. Unamwita Baba. Unamwita kwa sababu Mwana amekupa njia. Na hiyo hamu ya kuomba, hata siku ile uliyochoka na mitihani, hukuizaa mwenyewe. Paulo aliiandika kwa mstari mmoja, Waefeso 2:18: "Kwa maana kwa yeye sisi sote tumepata njia ya kumkaribia Baba katika Roho mmoja." Mimi nilikuwa nikiufundisha Utatu kana kwamba ni fumbo la kukariri, kumbe nilikuwa nikisali ndani yake kila jioni.

Nimekutumia hela ya matumizi jana, ukishaipata nijulishe. Likizo ukija, kama wazazi wake wanaridhia, njoo na mwenzako. Mama yako amesema atatenga sufuria na kuku achinjwe na jirani yetu Mwislamu, ili mgeni ale bila wasiwasi. Tukikaa barazani jioni aniulize mwenyewe maswali yake yote.

Wako akupendaye,
Baba