Pijo 504 ya Ahero: tununue, tushushe bei au tuiache chini ya mwembe?

Kwa fundi mshauri,

Salamu kutoka Kondele, Kisumu. Kuna Peugeot 504 stesheni wagoni ya 1983 imelala chini ya mwembe upande wa Ahero, na mwenye nayo anataka shilingi 180,000. Tumeikagua mara mbili, mara ya pili siku nzima, tukiwa na jeki, bisibisi kuukuu, nyundo ndogo, tochi na sumaku iliyofungwa kitambaa. Injini haitutishi. Shida iko kwenye bati, hasa pembe moja ya mbele, na tungependa neno lako kabla hatujatoa hata shilingi.

Muuzaji anatuimbia Safari Rally za 1975 na 1978. Ni kweli 504 ilishinda zote mbili, ila ile ya Ove Andersson ya 1975 ilikuwa saluni ya milango minne, na ya Jean-Pierre Nicolas ya 1978 ilikuwa kupe, yaani ya milango miwili, yenye injini ya V6 (silinda sita). Hii ni ya safu tatu za viti, ndugu ya zile zilizokuwa zikijaza abiria Nakuru, zikapanda Mau Summit na kuteremka Kericho. Tumeikagua kama gari la kazi.

Kutu ya nje haituumizi kichwa. Madigadi za mbele zimefungwa kwa bolti, kwa hivyo iliyooza hufunguliwa ikafungwa nyingine. Milango imeliwa sentimita tatu za chini, na rangi ya mlango wa nyuma imevimba malengelenge. Hayo ni ya kukata na kuunganisha.

Chini ndiko kwenye kesi. Pijo hii haina chesi ya kusimama peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo chesi, na uzito mwingi unabebwa na lile boksi la bati linalopita chini ya milango. Upande wa kulia tuliweka jeki mahali pake pa kiwandani, gurudumu likainuka bila kelele. Upande wa kushoto jeki ilipanda, bati likalia kama karatasi ya sukari, likakunjika, na gurudumu bado limekanyaga chini. Tukapima nafasi kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Kulia ni milimita 5 juu na 5 chini. Kushoto ni 3 juu na 8 chini, maana yake gari limeanza kulegea katikati.

Tulichomoa kizibo cha mpira kwenye boksi hilo, tukaingiza waya. Ulitoka na tope jeusi la uwanda wa Kano, limekauka kama tofali. Tukafungua ubao wa ndani wa mlango: kuna mstari wa tope ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, sentimita 22 juu ya sakafu. Muuzaji anasema ni mvua tu. Mvua haichori mstari ulionyooka. Hayo ni maji yaliyotuama, na kila mtu wa huku anajua mto Nyando ukifurika hufika wapi. Afadhali Ziwa Victoria ni maji matamu, si chumvi ya Mombasa, lakini tope likiziba matundu ya kutolea maji, unyevu hukaa ndani ya boksi miezi na miezi, na bati huoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona tundu la ukubwa wa kidole, hesabu la ukubwa wa kiganja.

Kisha kuna kazi ya fundi aliyetangulia. Sumaku ilinata vizuri hadi nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto, ikaanguka. Tulikwangua: filla, ule udongo wa kuziba mabonde ya bodi, ya unene wa milimita 8, na chini yake kipande cha mabati ya nyumba, geji 30, kimepigwa riveti juu ya kutu yenyewe. Bati hilo lina unene wa kama milimita 0.3, halibebi kitu, na maji yamekuwa yakilala kati ya tabaka mbili. Hata kulichomelea hakufai, maana zinki ikiungua hutoa moshi wa sumu na mshono unajaa vitundu.

Sasa pembe yenyewe. Mnara wa shokabsoba ya mbele kushoto, pale gurudumu linaposukuma uzito wake wote juu, una ufa wa sentimita 7 kuanzia tundu la bolti. Mishono ya kando yake imefunuka kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ikatenganisha bati mbili zilizobanwa pamoja. Tulipima kwa mshazari, kutoka bolti ya kila mnara hadi pembe ya pili ya ukuta wa injini: tofauti ni milimita 9. Tairi la upande huo limelika ukingo wa ndani peke yake. Yaani mnara umelala kuelekea injini.

Injini ilikuwa imekwama. Tulimimina mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya gia ya otomatiki kwenye silinda zote nne, na siku ya nne ikazunguka kwa spana. Kompresheni ni psi 118, 120, 75 na 116. Kijiko cha oili hakikuinua ile ya tatu, kwa hivyo tunashuku vali, si ringi. Tunajua hedi ikitoka lazima laina, yaani mikono ya silinda inayochomoka, zibanwe chini, la sivyo zitainuka, kizibo cha chini kiachie na maji yaingie kwenye oili.

Nakuru kuna pikapu ya 504 iliyokufa injini, bodi kavu, na mwenyewe yuko tayari kutukatia sehemu ya mbele. Tumepanga kutoboa nukta za kuchomelea za kiwandani kwa biti ya milimita 8 na kutoa bati lote la ndani hadi kwenye viungo vyake, badala ya kukata mnara katikati. Kabla ya hapo tutachomelea paipu za mraba za milimita 25 kwenye nafasi za milango ili bodi isicheze, na boksi la chini litangulie kwa bati la milimita 1.2. Mnara mpya utashikwa kwa nukta chache, tufunge shokabsoba, tupime mshazari tena, ndipo tuchomelee kabisa kwa MIG, mashine ya umeme inayojilisha waya, waya wa milimita 0.6. Kuchomelea kwa moto wa gesi hatukutaki hapo, kunakunja bati.

Hesabu: gari 180,000, kulivuta 12,000, mbele ya pikapu pamoja na lori 60,000, fundi siku 45 kwa 2,000 ni 90,000, bati na waya na praima 40,000, rangi 120,000, breki na injini 65,000. Jumla 567,000. Nakuru hiyo hiyo kuna stesheni nyingine kavu, inatembea, wanataka 420,000, ila imepoteza viti vya nyuma na nusu ya raba za milango na vioo. Ya Ahero ina vioo vyote, raba zote na viti vyote, na hivyo ndivyo vitu visivyopatikana.

Logibuku, hati ya umiliki wa gari, ipo, lakini jina ni la marehemu, na familia haijachukua hati ya usimamizi wa mirathi. Bila hiyo hakuna wa kuidhinisha uhamisho kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Tunachouliza ni haya. Je, mnara uliolala milimita 9 unaweza kurudishwa kwenye sakafu ya jua kali, gari likiwa juu ya vyuma viwili vya chaneli vilivyosawazishwa kwa pima maji, au lazima liende kwenye benchi la kunyooshea bodi? Je, boksi la kushoto likiwa hivyo, ungeamini la kulia lililopita mtihani wa jeki, au ungelikata pia? Na kama ungekuwa wewe, ungemtolea muuzaji bei ya 90,000 uitengeneze, au ungeichukua kwa vioo na viti tu, uvipeleke kwenye ile ya Nakuru?

Muuzaji ametupa hadi mwisho wa mwezi, na masika iko karibu.

Wasomaji wako,
Kondele, Kisumu