Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Kulea na kuuguza kuingie katika kanuni za Chuo

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Kwa heshima zote ninakuandikia hadharani, kwa kuwa suala lenyewe linawahusu watu ambao hawana chama wala kikao cha kulizungumzia. Ni watumishi na wanafunzi wa Chuo chetu wanaofanya kazi au kusoma huku wakilea watoto wadogo, wakiuguza wazazi wazee, au wakimhudumia mwenzi au ndugu mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu. Ombi langu ni moja: wajibu huo utambuliwe kwa maandishi katika kanuni za Chuo, kwa watumishi na kwa wanafunzi, usiendelee kuwa jambo la kuombewa huruma mlangoni kwa mkuu wa idara.

Nianze na karatasi. Fomu ya kuomba kuahirisha mtihani ina sehemu ya sababu, na chini yake kuna visanduku vinne: ugonjwa wa mtahiniwa, kufiwa, wito wa mahakama, na "nyinginezo". Mwanafunzi ambaye mtoto wake amelazwa usiku wa kuamkia mtihani hana kisanduku chake. Akiweka alama kwenye "nyinginezo", muhula wake wote unategemea fomu hiyo itaangukia mikononi mwa nani asubuhi. Yupo ofisa atakayemwelewa na kumpangia mtihani maalumu, na yupo atakayemrudishia hati ya hospitali akimwambia kwamba jina lililoandikwa humo si lake. Ofisa wa kwanza hajavunja kanuni, na wa pili naye hajavunja, maana kanuni yenyewe imekaa kimya. Aliyekataliwa huandikwa kwamba hakufika mtihanini, naye hulirudia somo hilo linapofundishwa tena mwaka unaofuata. Wanafunzi wameshajifunza njia ya mkato, nayo ni kujitafutia cheti cha kuumwa wao wenyewe. Fomu yetu basi inamwadhibu msema kweli na kumnusuru anayedanganya, jambo ambalo sidhani lilikusudiwa na walioitunga.

Ninatangulia kumtaja mwanafunzi kwa makusudi, kwani mazungumzo ya aina hii yakianza huishia kwa watumishi. Mtumishi, hata akinung'unika, ana sheria za kazi nyuma yake. Tangu mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1919, ulinzi wa uzazi kazini umekuwa na mkataba wake, na ule unaotumika sasa, Mkataba namba 183 wa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 na kutaka muda wa kunyonyesha uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Mkataba namba 156 wa mwaka 1981 umekwenda mbali zaidi: unawahusu wafanyakazi wanaume na wanawake wenye wajibu wa familia, hauishii kwa watoto bali unawataja pia jamaa wa karibu wanaohitaji uangalizi, na unasema wazi kwamba wajibu huo peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mwanafunzi hamo katika mikataba hiyo. Hana likizo, hana mshahara wa kukatwa wala wa kulindwa, na mwajiri hana. Kanuni pekee zinazogusa maisha yake ya kila siku kuhusu mahudhurio, mitihani, muda wa kumaliza masomo na haki ya kurudi baada ya kusimama ni zile zinazotungwa na Seneti ambayo wewe ndiye mwenyekiti wake. Hapa hatuna haja ya kulisubiri Bunge wala wizara.

Mwanafunzi mjamzito leo anaweza kuahirisha masomo, lakini anaahirisha mwaka mzima au haahirishi kabisa. Hakuna utaratibu wa kupunguza idadi ya masomo kwa muhula na kuongeza muda wa kumaliza, ingawa wapo wengi ambao wangeweza kubeba masomo matatu pale wanaposhindwa kubeba sita. Anayeahirisha hupoteza chumba cha bweni, hupoteza haki ya kutumia maktaba, na barua pepe yake ya Chuo hufungwa, hivyo hata tangazo la kujisajili upya humpita. Mwanafunzi wa uzamivu ana la kwake: saa ya miaka ya tasnifu haisimami anapojifungua isipokuwa msimamizi wake awe mtu wa kukumbuka kuandika barua. Kwa nini jambo zito namna hiyo litegemee kumbukumbu ya mtu mmoja mwenye wanafunzi kumi na shughuli zake nyingine?

Kwa upande wa watumishi, nisingependa kulifupisha suala la wazee na wagonjwa, kwa kuwa ndilo linalofichwa zaidi. Mimba ina tarehe inayotarajiwa, mtoto hukua, na wenzake kazini humpongeza mzazi. Kiharusi hakitoi taarifa. Mzee aliyeanza kusahau haongezeki uwezo mwaka hadi mwaka kama mtoto, bali mahitaji yake ndiyo yanayoongezeka, wala hakuna anayejua yatadumu miaka mingapi. Wanaobeba mzigo huo mara nyingi ni watumishi wa umri wa kati, wenye uzoefu, walioshika vitengo. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini ametoka mapema atakwambia amekwenda kufuatilia jambo mjini, ilhali amekwenda kumgeuza mama yake kitandani ili asipate vidonda vya mgongo, kwa kuwa msaidizi wa nyumbani huondoka jioni. Hasemi, kwa sababu likizo yetu ya dharura inatambua kifo cha mzazi lakini haitambui kumuuguza mzazi akiwa hai. Naomba hilo litazamwe kwa jicho la kibinadamu: mtu anapewa siku za kumzika mzazi wake, lakini hapewi saa za kumpeleka kliniki.

Mtumishi wa namna hiyo haombi miezi. Anachohitaji ni siku chache kwa mwaka za kuuguza mtegemezi, zinazoweza kuchukuliwa kwa nusu siku au hata kwa saa. Ruhusa ya kupanga upya saa za kuingia na kutoka pale kazi inaporuhusu. Na, hali inapozidi, nafasi ya kupunguza kazi kwa muda maalumu akiwa na uhakika wa kurudi kwenye nafasi yake. Uhakika huo wa kurudi ndio unaomtuliza mtu. Bila huo, mtumishi mzuri huacha kazi kimyakimya, na Chuo hutangaza nafasi, hufanya usaili na kumfundisha mgeni kwa gharama ambayo hakuna anayeiandika kwenye bajeti ya malezi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba wanawake milioni 708 duniani wako nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya uangalizi. Makadirio yake ya awali, ya mwaka 2018, yalionyesha kwamba saa bilioni 16.4 hutumika kila siku kwa kazi za uangalizi zisizolipwa, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo hufanywa na wanawake. Chuo chenye idara za uchumi, sheria na ustawi wa jamii hakiwezi kusoma takwimu hizo kama habari za mbali.

Kuna eneo moja ambapo nia njema peke yake haitoshi, nalo ni upandishaji vyeo wa wanataaluma. Wazo linalokuja haraka ni kumwongezea kila mzazi mwaka mmoja kabla ya kupimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu idara za uchumi za vyuo vikuu vinavyoongoza Marekani uligundua kwamba nyongeza ya namna hiyo, ilipotolewa sawasawa kwa baba na mama, iliwaongezea wanaume nafasi ya kupata ajira ya kudumu na kuwapunguzia wanawake. Wanaume waliongeza makala katika majarida makubwa, wanawake hawakuongeza. Sisemi hivyo ili akina baba wanyimwe likizo. Baba akinyimwa, malezi yote yanamwangukia mama, na kila mwanamke anayekuja kwenye usaili ataonekana kuwa gharama. Ninachosema ni kwamba nyongeza ya muda ifuate uangalizi uliofanyika kweli. Baraza la Utafiti la Ulaya, kwa mfano, limekuwa likiongeza miezi 18 kwa kila mtoto katika muda ambao mama anastahili kuomba fedha za utafiti, na kwa baba huongeza likizo halisi aliyoichukua na kuithibitisha. Kamati yetu ya vyeo ingeweza kuanza na hatua iliyo rahisi zaidi, yaani kuupima wingi wa machapisho kwa muda ambao mtu aliweza kufanya utafiti, si kwa miaka ya kalenda.

Kuhusu kituo cha kulelea watoto mchana, najua kimewahi kutajwa vikaoni na najua jibu lilikuwa ni fedha. Sitalipuuza jibu hilo, kwa maana kituo kinahitaji jengo salama, walezi waliofunzwa na idadi yao iendane na idadi ya watoto wachanga, ambao huhitaji mikono mingi kuliko watoto wakubwa. Lakini kabla ya jengo kuna maswali ambayo hayana gharama na ambayo, yasipojibiwa, jengo litabaki pambo. La kwanza ni saa. Kituo kinachofungwa saa kumi alasiri hakimsaidii mwanafunzi wa masomo ya jioni wala msimamizi wa mtihani wa Jumamosi. La pili ni nani anayeruhusiwa. Walinzi na wasafishaji wanaoajiriwa kupitia wakandarasi huingia kazini alfajiri kuliko sisi sote, na wakihesabiwa kuwa si watu wa Chuo, tutakuwa tumewajengea maprofesa kituo na kuwaachia wenye kipato kidogo mitaa. La tatu ni ada, ambayo haina budi kulingana na kipato. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 18, unazungumzia haki ya watoto wa wazazi wanaofanya kazi kunufaika na huduma za malezi. Mwenye haki hapo ni mtoto, na mtoto hajui mzazi wake ana mkataba wa aina gani.

Chumba cha kunyonyesha na kukamulia maziwa hakihitaji hoja ndefu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Muhula wetu hausubiri miezi 6. Na kwa sasa mama anayekamua hufanya hivyo chooni, akiwa amesimama. Kiti, sinki, soketi ya umeme, jokofu dogo na kitasa kinachofungwa kwa ndani vinatosha. Ofisi za kubadilisha matumizi zipo.

Halafu ratiba. Semina za idara na vikao vya kitivo vimezoea kuitishwa saa kumi na moja jioni, ati kwa sababu wakati huo hakuna anayefundisha. Huo ndio wakati ambao watoto wanatoka shule na wauguzi wa mchana wanaondoka. Anayekosa vikao hivyo hukosa pia mahali ambapo miradi hugawanywa na majina ya safari za makongamano hupendekezwa, kisha huonekana hajitumi. Waraka mmoja kutoka ofisini kwako, unaoagiza kwamba vikao vya lazima viishe kabla ya saa kumi, ungebadilisha hali hiyo wiki hii hii.

Watasema, na wameshasema, kwamba milango hii ikifunguliwa watu wataitumia vibaya. Wapo watakaojaribu, kama walivyopo wanaozitumia vibaya likizo za ugonjwa, ambazo hata hivyo hatukuzifuta. Njia ya kujikinga ni tamko: mtumishi au mwanafunzi ajiandikishe mara moja kwa mwaka, kwa hiari, kwamba ana mtegemezi, aambatishe uthibitisho wa msingi, na taarifa hizo zitunzwe na ofisi moja kwa siri ili asilazimike kumsimulia kila mhadhiri maradhi ya mama yake. Tamko hilo lingetupatia pia kitu ambacho Chuo hakina, yaani idadi. Fomu ya usajili inauliza dini, mchezo anaoupenda mwanafunzi na saizi ya joho. Haiulizi kama kuna mtu anayemtegemea. Kila rasimu ya bajeti inapofika kamati ya fedha, huonekana kana kwamba hawapo.

Kwa mantiki hiyo, Mheshimiwa, ninaomba mambo mawili yafanyike kabla ratiba ya muhula ujao haijachapishwa. Kwanza, Seneti irekebishe kanuni za mitihani na za kuahirisha masomo ili ugonjwa wa mtegemezi uwe sababu inayotambulika, na fomu ipate kisanduku chake. Pili, iundwe kamati ndogo ya kuandaa sera ya malezi na uangalizi, na wajumbe wake wawe pamoja na mwanafunzi mzazi, mtumishi anayeuguza, mwakilishi wa wafanyakazi wa wakandarasi, na mtu wa idara ya fedha ili tusiandike ndoto. Rasimu ya marekebisho ya kanuni za mitihani tumekwisha kuiandaa pamoja na wenzangu wa Kitivo cha Sheria, na tuko tayari kuiwasilisha ofisini kwako siku yoyote utakayotupangia.

Wako katika utumishi,

Mhadhiri Mwandamizi,
kwa niaba ya watumishi na wanafunzi wenye wategemezi