Usomaji wa Maombolezo kuanzia Jumatatu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa kikundi chetu cha Moshi.

Kuanzia Jumatatu tutasoma kitabu cha Maombolezo, chenye sura 5 tu, kila mmoja akisoma peke yake nyumbani, sura moja kwa siku hadi Ijumaa. Nawaomba msirukie moja kwa moja mistari ya 22 na 23 ya sura ya 3, ambayo wengi wetu tuliikariri tangu shule ya Jumapili, kwa maana aliyeandika kwamba rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi hakuwa ameketi mahali pa raha: Yerusalemu ilikuwa imeangushwa na Wababeli, mnamo mwaka 586 kabla ya Kristo, hekalu limeteketezwa, na watoto wakiomba mkate bila kupata wa kuwamegea. Mistari 20 ya mwanzo ya sura hiyo ni malalamiko matupu. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikiiruka, hadi nilipouguza nyumbani, ndipo nikaona kwamba uaminifu wa Mungu unatamkwa hapo na mtu ambaye bado anaumia, kama sisi tusivyotilia shaka kuwapo kwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hata mawingu ya masika yanapoificha kwa siku nyingi.

Kila mmoja aandike kwenye daftari mstari uliomgusa. Tutashirikishana hapa Jumamosi saa 10 jioni. Wanaosoma kwenye simu wazime kwanza intaneti (nawafahamu). Asiye na nguvu ya kuandika wiki hii asome tu.