Solo ya Kirk imekwenda wapi?

Nairobi, Julai 2003

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mvua imekatika, baridi ndiyo hiyo ya Julai unayoijua.

Uliniuliza St. Anger, albamu mpya ya bendi yetu ya roki nzito, Metallica, ikoje kabla hujatoa pesa zako. Nimeisikiliza mwanzo hadi mwisho, nikairudia na kuirudia, na moyo umeniuma kweli.

Katika St. Anger hakuna solo hata moja, ile nafasi ya gitaa kuimba peke yake. Nyimbo 11, dakika 75, na Kirk Hammett, mpiga gitaa lao la solo, hakupewa nafasi hata ya sekunde chache. Unakumbuka tulivyokuwa tukiirudisha nyuma kanda ya Master of Puppets kwa kalamu ili betri zisiishe? Tulikuwa tunatafuta pale katikati ya wimbo wenye jina hilo, vishindo vinapotulia, gitaa la James, mwimbaji wao, linaimba taratibu, kisha baadaye Kirk anaingia mbio. Wimbo ule unapita dakika 8 na hatujawahi kuuona mrefu. Hizi mpya nazo ni ndefu, hakuna hata mmoja ulio chini ya dakika 5, lakini mapigo ni yaleyale yanazunguka, kiitikio kinarudi, mapigo tena, na pale sikio linapomsubiri Kirk, James anaanza kupaza sauti upya.

Sisi watu wa huku gitaa la solo limetulea. Kabla sijaelewa hata neno moja la nyimbo zao nilishamwelewa Kirk, kwa sababu rumba na benga za redioni zilikuwa zimenifunza kwamba maneno yakiisha, gitaa ndilo linaendelea na habari. Sasa habari inakatwa njiani.

Halafu ngoma. Lars, mpiga ngoma wao, amelegeza zile nyuzi za chini ya snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, basi kila pigo linalia kama debe. Nimejaribu kwenye redio kubwa ya nyumbani, nikajaribu kwa hedifoni, ni vilevile: mlio unapanda juu ya magitaa, juu ya sauti ya James, juu ya kila kitu.

Najua walikotoka. Jason, mpiga besi wao, aliondoka Januari 2001, Julai mwaka huohuo James akaenda kutibiwa ulevi, kazi ikasimama kwa miezi mingi, na mwishowe besi yote ya albamu ikapigwa na mtayarishaji wao, Bob Rock. Bendi nusura ivunjike. Kwa hiyo sitaki kumsikia mtu akisema wamefanya uvivu. Machungu ya James ni ya kweli, na wimbo wa The Unnamed Feeling unanikaba koo kila nikiusikia. Ungeweza kusimama bega kwa bega na nyimbo zao za zamani kama mtu angeliachia gitaa liseme kule mwishoni. Watu waliopitia shida namna ile ningependa niwasikie wote, kila mmoja na lake. Kumbe yule mtulivu, ambaye miaka yote amesema kwa vidole, ndiye aliyenyamazishwa.

Wala si kwamba sitaki wabadilike. Kwenye albamu ya mwaka 1988 besi ya Jason ilifunikwa kabisa, tukavumilia kwa sababu wimbo wa One ulikuwa ndani. Mwaka 1991 wakapunguza mbio, 1996 wakaja wamekata nywele, watu wakanuna, na mimi na wewe tukawatetea mpaka tukagombana na nusu ya darasa. Safari hii nimetafuta pa kuwatetea, sipaoni. Unaweza kubadilisha mwendo, nywele, hata mpiga besi, lakini huwezi kuwa na Kirk chumbani halafu ukampa kazi ya rithimu tu.

Usinunue. Nitakupa CD yangu, kuna mtu wa kwetu anashuka Mombasa mwisho wa mwezi. Ndani yake mna DVD wakiwa mazoezini, wanapiga nyimbo zote 11 pamoja na mpiga besi mpya, Robert Trujillo, yule aliyetoka kwenye bendi ya mwimbaji Ozzy Osbourne. Anza na hiyo. Vidole vyake vina uzito, na nyimbo zinapata uhai kidogo wakiwa wanne chumba kimoja. Nikimtazama pale napata tumaini kwamba albamu ijayo inaweza kuwa nyingine.

Ukishaisikiliza niandikie, usinionee haya kama umeipenda. Nataka hasa kujua kuhusu The Unnamed Feeling.

Msalimie mama na wote hapo nyumbani.

Ndugu yako wa siku zote