Shahada ya mitihani si shahada ya kununua

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika majuzi kwamba wanaopata shahada Marekani kwa mitihani bila kukaa darasani hawana tofauti na wenye vyeti vya kughushi, kwa kuwa hukariri mihtasari tu. Naomba nafasi nimjibu, maana nami nimepita njia hiyo.

Mitihani niliyofanya inaitwa CLEP. Ipo tangu 1967 na inaendeshwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani. Unakwenda na kitambulisho, unakaa mbele ya kompyuta kama saa moja na nusu huku msimamizi anakuangalia. Alama ni kati ya 20 na 80, na vyuo vingi vinataka usipungue 50. Ukifaulu, chuo kinakupa krediti za somo hilo, yaani pointi zinazohesabiwa mpaka zitoshe shahada. Shahada ya kwanza huku kwa kawaida ni krediti 120, na kila chuo kina kikomo chake cha zile zinazotokana na mitihani, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

Jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, alifanya mtihani wa Kifaransa, lugha aliyosomea tangu utotoni. Alitoka na krediti zake bila kufungua kitabu. Huyo kaghushi nini?

Mimi sikuwa na bahati hiyo. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nasoma saa nane wakishalala. Kwa somo la ukuaji wa binadamu nikanunua muhtasari wa kurasa chache, kama yale madesa yetu ya chuoni, nikaukariri wote. Nikafeli. Nilijua majina ya hatua nne za ukuaji wa akili ya mtoto alizozieleza mwanasaikolojia Piaget, kwa mpangilio, lakini sikuweza kueleza kwa nini mtoto mdogo akiona maji yanamiminwa kutoka bilauri pana kwenda nyembamba anaamini yameongezeka. Kurudia ni mpaka ipite miezi 3. Miezi hiyo nilisoma kitabu kizima, muhtasari nikaufungua wiki ya mwisho tu. Hapo ndipo uliponifaa, kwa sababu kila mstari ulinikumbusha kitu ninachokijua.

Kwa hiyo kuhusu mihtasari, msomaji huyo ana hoja. Kuhusu mitihani, hapana.

Na nyumbani Tanzania jambo hili si geni. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, inawapima mafundi waliojifunzia ujuzi mtaani na kuwapa vyeti, na hakuna anayemwambia fundi uashi kwamba cheti chake ni cha kununua. TCU, tume ya vyuo vikuu, nayo ina utaratibu wa RPL, yaani kutambua ujuzi ambao mtu tayari anao: mtu mzima mwenye uzoefu anapimwa ili aingie chuo kikuu bila kupitia kidato cha sita. Naushukuru sana utaratibu huo, ila naomba upimaji usiishie mlangoni. Mtu aliyefunga hesabu za ofisi kwa miaka 15, akishadahiliwa, analazimishwa vipi kukaa muhula mzima na kulipa ada akifundishwa utangulizi wa uhasibu? Apewe mtihani uleule wanaofanya wenzake mwisho wa muhula, siku hiyohiyo, asahihishwe na mwalimu yuleyule. Akishindwa, aingie darasani na wenzake.

Mtanzania,
Columbus, Ohio