Tumbaku ya maonesho sio kushindania ukubwa wa jani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo hapo kwenye barua. Maonesho ya kilimo yakikaribia watu wanahangaika kutafuta majani makubwa kuliko yote kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku), wanayafunga pamoja halafu wanashangaa wamepigwaje chini na fungu la mwenzao lenye majani ya wastani tu. Jamani, jaji haangalii ukubwa peke yake, anataka majani yalingane, yaani rangi, urefu, unene na sehemu lilikotoka kwenye mmea, kwa hiyo ukichanganya la chini ambalo ni jepesi na la juu ambalo ni zito na rangi yake imekolea, hata kama yote ni mazuri, fungu linaonekana la kuokoteza.

Kuchambua ni mchana, kivulini penye mwanga wa kutosha, maana taa ya usiku itakudanganya, jani lenye ukijani utaliona poa kabisa. Na ukijani ukishabaki baada ya kukausha ndo basi tena, hakuna dawa, aidha uliwahi kuvuna au jani lilikauka haraka kabla halijageuka njano.

Kinachoniudhi zaidi ni hii tabia ya kunyunyizia maji eti majani yang'ae. Yanaacha madoa, na ukikaa kidogo ukungu huo! Acha majani yavute unyevu wa hewa yenyewe, asubuhi ndo nzuri, kisha pima kwa mkono: jani likunjike bila kupasuka, ila mshipa wa kati ukiuvunja upande wa kikonyo ulie ka! Ukipinda kama kamba bado una maji. Hapo sasa unanyoosha moja moja kwa kiganja, unalinganisha vikonyo, unafunga kwa jani la daraja hilohilo (uzi wa nailoni hapana, huo ni uchafu kwenye tumbaku), unafunika kwa karatasi safi mbali na jua lisije likapauka.

Waandaaji nao wana lao. Tumbaku ya mvuke (inayokaushwa kwa joto la bani bila moshi kuigusa) ni ya njano mpaka rangi ya chungwa, ya hewa (inayokaushwa kwa upepo tu) ni kahawia, ya moshi (inayokaushwa kwa moshi wa moto) imeiva inakaribia weusi na harufu yake unaijua hata ukiwa mbali, sasa mkiziweka meza moja mnazishindanishaje? Tengeni makundi, na ile karatasi ya alama mtupe kabla hatujaanza kuchambua, sio tunakuja kuiona siku ya matokeo.

Mkulima wa tumbaku